Chupa ya Mafuta Dirishani

Katika miaka ya hamsini mume wangu alijiundia gari uani kwetu Ng'ambo, kwa vyuma vya magari matatu yaliyokufa. Watu walimcheka. Mimi, mke wa mwaka wa kwanza, nilishangaa tu. Ekseli ya mbele, chuma cha kushikia magurudumu, ilipoletwa na hamali niliona ni takataka. Aliisugua kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akaifunga kwenye springi, zile bamba za chuma zilizolaliana, kisha akanipandisha juu ya fremu nirukeruke. Chuma kikanishusha, kikanipandisha taratibu. Sikujua kuwa chuma kina upole. Niliruka mpaka mkwe wangu akatoka jikoni kuuliza kama nimepandwa na shetani.

Breki ndizo zilizonimaliza. Ndani ya gurudumu alifunga viatu viwili vya breki na vipira vya kuvisukumia, na bomba jembamba likatoka huko hadi kwenye pedali.

"Ukikanyaga hapa," aliniambia, "mafuta yanabeba nguvu za mguu wako mpaka kule."

Nikamwambia atafute mjinga mwengine.

Lakini mafuta ya breki hayakuwapo mjini mpaka meli ije, naye alikwisha kumwahidi mama yake kumpeleka Mtoni Ijumaa asubuhi, kumtazama dada yake mgonjwa. "Mafuta ni mafuta," akasema, akamimina ya nazi, nusu ya chupa yangu ya nywele. Alhamisi mchana nikakanyaga, naye amelala chini anatoa upepo bombani: "Kanyaga! Shikilia! Haya, wachia!" Kisha akalizungusha gurudumu, nami nikakanyaga tena. Likasimama papo hapo. Mwili ulinisisimka. Subhanallah, mguu wangu huu wa kusukumia mlango!

Usiku ule baridi ya kipupwe ilituingia mpaka kitandani. Asubuhi mkwe wangu alikuwa keshavaa buibui, amekaa anangoja. Mume wangu akaikanyaga pedali, akaikuta ngumu kama jiwe, akafurahi.

"Nshakwambia! Leo imekaza kuliko jana."

Akaenda kuchukua jeki alishushe gari kutoka kwenye magogo.

Mimi nilikuwa ndani nachana nywele. Niliichukua chupa dirishani, nikaipindua kiganjani. Hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pe.

Nilitoka mbio, kichwa wazi, chupa mkononi.

"Bwana, usishushe! Lizungushe gurudumu kwanza."

"Una nini wewe?"

"Lizungushe, mie nnakanyaga."

Nilikanyaga kwa miguu miwili. Gurudumu likazunguka, likazunguka, halina habari na sisi. Alilitazama mpaka likachoka lenyewe. Akaitazama chupa mkononi mwangu, kisha akamtazama mama yake, akakaa mchangani.

Mkwe wangu akafunua uso. "Mwanangu, ulitaka kunipeleka kwa dada yangu, au kwa marehemu baba yako?"

Meli ilikuja. Tukaosha mabomba, tukatupa vipira vilivyokwisha kufura kwa mafuta ya nazi, tukaenda Mtoni sote watatu. Gari lile liliishi miaka mingi, na mafuta yake halali ndani. Hata hivyo, kila asubuhi ya kipupwe, kabla ya kutoka, mume wangu alikuja dirishani akaipindua chupa yangu, akangoja mpaka tone limwangukie kiganjani.