Karani wa Mizigo na Tangi Tupu

Wapare tunasemwa kwa ubishi, na Asheri, karani wa mizigo wa stesheni ya Same zama za Mwingereza, hakutusaidia hata kidogo kulikana hilo.

Kazi yake ilikuwa kupanga mizigo kwa madaraja: mkonge huku, mafuta ya taa kule, mashine peke yake, halafu kuandika mzigo una nini na uzito gani. Bila sahihi yake behewa haliondoki.

Mchana mmoja wa mwaka 1953, shamba moja la mkonge lilileta gari lake la zimamoto lipelekwe kiwandani upande wa Moshi. Hati ilisema: gari, tangi tupu. Dereva wake, Fanueli, mtu mzima ambaye Asheri humwamkia shikamoo kila akija, aliamriwa akae ndani yake juu ya behewa la wazi, alilinde njiani. Gari likapandishwa. Magurudumu yakatulia, lakini lenyewe likaendelea kuyumba, kidogo tu, kushoto, kulia.

Wengine hawakuona kitu. Asheri alikulia kijiji cha Mamba, akipandisha maji mlimani kwa debe. Debe lililojaa hutulia kichwani. La nusu ndilo linalokuangusha, ndiyo maana mama zetu hutupia majani juu ya maji, yasichezecheze. Sasa aliona debe la nusu la tani mbili likienda kukata kona na Fanueli ndani.

Akasema haandiki tupu. Msimamizi wa shamba, Mzungu mwenye haraka zake, akamwonyesha kipimo cha tangi: sifuri. Mfuniko wa juu ulikuwa umeshikwa na kutu, haufunguki. Stesheni masta akamnong'oneza asijiharibie, bado yuko kwenye majaribio, na mkewe Zipora ni mjamzito. Asheri akatia kalamu mfukoni. Ubishi gani huo, jamani!

"Fungua bomba," msimamizi akasema. "Lisipotoka tone, leo hii unarudi kwenu."

Asheri akafungua. Halikutoka tone.

Watu wakatazama chini. Mimi ningeomba radhi nikatia sahihi, sioni haya kusema. Yeye akaomba waya. Akauchomeka bombani, akachokonoa, jasho likimtiririka, msimamizi akitazama saa. Likatoka tope lililoziba bomba na kipimo. Kisha maji yakaja kwa kishindo, yakamlowesha yeye na buti za Mzungu, na wanawake wa Same, mji wenye shida ya maji, wakaja mbio na madebe.

Treni ikachelewa. Msimamizi akafuta buti zake. Tangi lilipokauka, Asheri, amelowa chapachapa, akaandika "tangi tupu" kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi.

Fanueli alikuwa amekaa relini. Alisema tangu asubuhi gari lilikuwa likimvuta kwenye kila kona, naye akadhani ni breki. Akainuka polepole, akapanda behewani, akavua kofia.

"Shikamoo, karani."

Asheri, mdogo kwake kwa miaka ishirini, akabisha hata hapo: "Shikamoo, mzee."