Swala Aliyekula Choroko za Mayu

Shule niliiacha darasa la nne. Au tuseme iliniacha yenyewe, mimi nilikuwa bado nimekaa. Kwa hiyo miaka ile ya hamsini nilipopata kazi ya kuosha picha pale Bariadi, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, nilijiona daktari. Nashinda gizani na taa nyekundu, nanuka dawa, nikitoka nje nafumba macho. Tajiri wangu, mzee aliyehamia kutoka Tabora, akanibatiza Fundi Popo.

Sifa yangu hasa ilikuwa kupunguza picha. Kulikuwa na mzungu mmoja, fundi wa mashine za kuchambulia pamba, hana mke wala mbwa, ana kamera. Kila Jumapili anafuata swala. Analeta picha swala yuko kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa, katikati pamejaa nyasi. Mimi nachukua rula na wembe, nakata nyasi, swala anakuja mbele. Ila lazima umwachie nafasi mbele ya pua, apate pa kwenda. Ukimkata karibu anaonekana kama amejigonga ukutani. Hilo hakunifundisha mtu, nililigundua mwenyewe, na nilikuwa nalisema kwa kila aliyeingia dukani, hata aliyekuja kununua uzi.

Vipande vinavyobaki tulikuwa tunawashia jiko la chai.

Mwaka mmoja mayu alikufa. Mama yangu. Homa, siku nne, basi. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Kila nikimwambia aje dukani anasema atakuja choroko zikishavunwa. Tukazika, nikala ugali, nikarudi kazini, nikawa natania wateja kama kawaida. Watu wakasema nina moyo mgumu. Ugumu wa wapi, ulikuwa umekufa ganzi tu kama mguu uliokaliwa. Nikawa nangoja uanze kuchoma.

Siku moja mzungu akaleta filamu iliyokaa miezi ndani ya kamera yake nyingine. Nikatumbukiza karatasi kwenye dawa, nikatikisa beseni, swala akatokea. Shingo juu, masikio wima, picha nzuri kuliko zote alizowahi kuleta. Halafu upande ule swala anakotazama akatokea mwanamke kainua mkono. Urefu wake njiti ya kiberiti tu. Kilemba chake cha madoa nilikinunua mimi, hapo hapo dukani. Na ile namna ya kusimama, mguu mmoja mbele, niliijua zaidi ya kilemba, maana nimeikimbia sana utotoni. Mayu alikuwa shambani kwake, ukingoni mwa mbuga, anamrushia swala bonge la udongo asimalize choroko.

Nikangoja nihisi kitu. Hakuna. Nikaanika picha.

Mchana mzungu akaja, akaishika kwa ncha za vidole.

"Oh, Fundi! Tazama masikio! Mzuri sana. Sasa hii mama, kata."

"Bwana, akibaki si mbaya. Anapendezesha."

"Hapana. Mimi nataka swala tu. Swala na pori."

"Siyo pori, bwana, ni choroko."

Tajiri akanikanyaga mguu. "Fundi Popo, mteja kasema kata."

"Nioshe nyingine kwanza, mzee?"

"Kwa karatasi gani? Tumemaliza, mpaka lori lije kutoka Mwanza."

Na mzungu alishatia filamu mfukoni. Jumatatu alikuwa anasafiri kwenda kwao Ulaya, kwa likizo.

Nikachukua rula. Nikiacha nafasi mbele ya pua kama kawaida yangu, wembe unapita kwenye mkono wa mayu. Nikaisogeza rula. Nikaisogeza tena. Nikakata karibu na pua, karibu kabisa, unywele haupiti.

Mzungu akaitazama, akakunja uso. "Fundi, leo umelewa? Huyu amegonga ukuta."

"Mkono umeteleza, bwana."

"Na hii nyeusi, juu ya pembe?"

Lilikuwa bonge la udongo, limeshatoka mkononi mwa mayu. "Ndege, bwana."

"Ndege gani?"

"Wa huku huku."

Akaondoka na swala wake. Tajiri akaninyooshea mkono. "Lete hicho kipande, maji ya chai hayajachemka."

"Huyu ni mama yangu, mzee."

Akakitazama. Akanitazama mimi. Akaenda kuchana sanduku la viatu, akawashia hilo.

Jioni nilimkuta baba anafunga ndama, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wanawane," akaitikia, yaani mwanangu.

Nikampa kipande. Akakigeuza juu chini, chini juu, mpaka akampata.

"Anampiga nani?"

"Swala."

"Yuko wapi?"

"Anakwenda Ulaya."

"Basi safari hii kamfukuza kweli," akasema, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa mkono wenye mavi ya ng'ombe. Mimi mtu wa utani nikasimama pale kama mti wa boma. Bado ganzi.

Akakileta kipande karibu na macho tena. "Mbona nyasi nyingi hivi mbele yake? Wewe si ndiye fundi wa kupunguza?"

Nikamwambia wembe ulikuwa butu.