Sekunde Tatu Mpaka Perth

Helvi Karppinen wa Kuhmo, mji mdogo wa Finland, alikuwa mtu wa maneno machache hata kwa Wafini, na Wafini, jamani, si watu wa kupiga soga. Kwao mwenzio akisema unamwacha amalize, unanyamaza kidogo, ndipo unajibu. Kumkatiza mtu ni kukosa adabu. Adabu nzuri hiyo, ila kwenye simu ya intaneti ilikuwa balaa.

Binti yake wa pekee, Sinikka, aliishi Perth, Australia. Kila Jumapili baada ya kahawa na mkate wa iliki walipigiana kwa kompyuta, na sauti ilichukua sekunde tatu kufika. Mama ananyamaza kwa heshima, binti naye ananyamaza kwa heshima, mara wanaanza pamoja, wanaacha pamoja. Raili, jirani wa Helvi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyie mnaongea au mnasubiri basi kituoni?"

Jumapili moja hakukuwa na cha kuchekesha. Eino, mume wa Helvi, alikuwa amelazwa, na daktari alishamwambia Helvi, siyo Sinikka, kwamba hatamaliza wiki.

"Mama, niambie ukweli," Sinikka alisema. "Nije?"

Helvi alitaka kusema njoo, njoo leo hii. Lakini watu wa kwao hawapendi kumsumbua mtu, hata kama ni mtoto wa kumzaa. Akakigeuza kikombe chake mezani. Kimya chake kikaongezwa na zile sekunde tatu, na huko Perth Sinikka akasubiri wee. Tangu utoto wake, mama akinyamaza hivyo ilikuwa ni hapana.

"Njoo," Helvi akasema hatimaye.

Papo hapo akasikia maneno ya binti, yaliyokwisha kutoka kule: "Haya mama, nimeelewa. Nitakuja kiangazi. Msalimie baba." Simu ikakatwa.

Ile njoo yake haikumkuta mtu. Apige tena? Mtu mzima apige mara mbili kwa siku moja, aonekane analialia? Akafunga kompyuta, akaosha vikombe. Kiburi gani hicho, mama wee! Jumatatu hakupiga. Jumanne alikaa mbele ya kompyuta saa nzima, mikono mapajani, na hakupiga.

Jumatano asubuhi Eino akafa.

Helvi alipiga akiwa bado na koti mwilini. Mara tu alipoona simu imepokelewa, hakungoja salamu wala adabu.

"Baba amefariki, mwanangu. Asubuhi hii."

Sauti ya Sinikka ikaingia juu ya yake, imechangamka, imetoka kule kabla neno halijafika.

"Mama! Nimeshindwa kukaa, nimekata tiketi! Ijumaa niko hapo. Mwambie baba asinimalizie soseji za..."

Helvi alijiziba mdomo kwa kiganja. Huko Perth, Eino alikuwa bado hai.

Kisha sauti ikakatika katikati ya sentensi, na Helvi akajua neno lake limefika.