Korosho Kumi za Mama Cyril

Saa mbili asubuhi, kwenye ua mmoja nje kidogo ya mji wa Newala, Winfrida Nandonde anaegemeza baiskeli kwenye mkorosho, anapangusa jasho, na kuanza kazi ambayo wakubwa wengi wameikwepa: kumuuliza mwananchi kama maisha yake ni mazuri, kisha kukaa kimya asikie jibu.

"Shikamoo, Baba Ashiru."

"Marahaba, Mama Cyril. Za Lulindi?"

"Njema. Umeamkaje?"

"Salama."

"Na mwili?"

"Mzuri."

"Na mkono?"

"Mzuri sana, alhamdulillahi."

Mkono unaosifiwa umelala pajani kama mgeni aliyekaribishwa chai akasahau kuondoka. Mwenye mkono ni Lukmani Chilumba, mkulima wa korosho mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, aliyepigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wake wote wa kulia ulilala. Mguu umeamka kidogo. Mkono bado unafikiria.

Winfrida haandiki neno. Dodoso limo mkobani.

"Acha salamu ziishe kwanza," anasema. "Ukizikatiza, zitaingia kwenye karatasi. Mwaka jana ziliingia, tukaumbuka."

Winfrida ana miaka arobaini na moja. Alikuwa akifua mashuka katika hospitali ya misheni, hadi mradi mdogo wa afya ulipomchukua kuwa mdodosaji. Mradi huo hupima jinsi kiharusi na ugonjwa wa moyo vinavyobadilisha maisha ya watu wa Masasi na Newala. Presha ina mashine yake. Yeye hupima yale ambayo mashine haiyajui: kama mtu anajifunga kifungo, anainama kuokota korosho, anafika msikitini au kanisani, analala bila woga.

Ana wagonjwa arobaini na sita. Akimaliza maswali, huwanyoosha viungo. Baiskeli yake hupanda mlima wa Newala juu ya lori la mnunuzi wa korosho. Tangu biashara ya korosho ifunguliwe kwa wanunuzi binafsi, anasema, malori yamekuwa mengi na madereva hawana roho mbaya. Mshahara wake ni shilingi elfu thelathini na tano kwa mwezi, na matairi hula kabla ya watoto.

"Lakini nashukuru," anasema. "Zamani niliyajua mashuka ya wagonjwa. Sasa nawajua wenyewe."

Kuumbuka kwa mwaka jana kulikuja kwa adabu zote. Winfrida alizunguka na dodoso lililotungwa mbali sana na Newala. Swali la nne liliuliza: "Je, unaweza kupanda ngazi za ghorofa moja bila kupumzika?" Lukmani, ambaye katika maisha yake hajawahi kuingia nyumba ya ghorofa, alijibu kwa kujiamini kwamba hajawahi kushindwa.

Maswali mengine yalianza na "Hali yako ikoje?" Na katika nchi hii, mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa hali hujibu "nzuri", hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Kati ya watu arobaini na sita, arobaini na wanne walisema maisha ni mazuri au mazuri sana. Waliolalamika walikuwa wawili: mmoja aliumwa jino, mwingine alikuwa amegombana na shemeji yake.

Mkuu wa mradi, Godwin Namalowe, alizisoma karatasi hizo mara mbili.

"Mama Cyril, hawa watu ni wazima kuliko mimi," alimwambia. "Nitaombaje fedha za kuwatembelea?"

Mwaka huu alimpa miezi mitatu arudie. Majibu yakibaki hivyo, ziara zitakoma Desemba hii, na mazoezi ya viungo yatakoma pamoja nazo. Habari hiyo ilimuuma Winfrida hasa kwa ajili ya Lukmani, ambaye vidole vyake viwili vilikuwa vimeanza kusogea.

Alimuuliza kwa nini alimdanganya. Mzee alishangaa.

"Unatoka Lulindi na baiskeli, unanikunja mkono mpaka jasho linakutoka, halafu nikwambie hali ni mbaya? Hiyo si shukrani, Mama Cyril. Ni matusi."

Winfrida aliondoka akiwaza. Mtu wa huku, anasema, atakuficha afya yake kwa heshima. Korosho zake hakosei kuhesabu hata moja, hasa siku hizi ambapo kila mnunuzi anakuja na mizani yake na kila mizani ina tabia yake.

Basi akabeba korosho kumi. Mwanzoni zilikuwa za kukaanga, kosa ambalo sayansi haitalisahau: huko Lukuledi, mzee mmoja alikula alama mbili kabla hazijaandikwa. Sasa hubeba zenye maganda. Huzipanga mkekani na kusema, "Hizi kumi ni maisha yako kabla ya ugonjwa. Nitengee zilizobaki."

Anselmo wa Lulindi, aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa hadi moyo wake ulipokataa kazi hiyo, alitenga mbili.

"Moja ni ya mke wangu," alimwambia. "Nyingine, bado naisikia kengele akipiga mwingine."

Leo, Lukmani ndiye wa mwisho kati ya arobaini na sita. Salamu zimekwisha. Anaziangalia korosho kumi, anakohoa, na kwa mkono wa kushoto anasukuma tisa.

Kutoka jikoni, mkewe Bimdogo anasema, "Tisa. Na shati hilo kalifunga nani asubuhi?"

"Mama Ashiru, anatakiwa ajibu mwenyewe," anasema Winfrida.

"Mimi naongea na kuku."

Winfrida anamgeukia mzee. "Baba Ashiru, ungekuwa mbele ya mizani ya mnunuzi, ungesema tisa?"

Lukmani anamtazama kama mtu aliyeguswa pabaya. Kisha anaanza kuzirudisha, moja moja. Ya shamba. Ya kupanda mkorosho. Ya kubeba wajukuu. Ya kula bila kumwagikiwa. Ya kufika msikitini. Ya kifungo cha shati. Zinabaki tatu, na macho yake yamelowa.

"Andika," anasema.

Winfrida anaandika tatu. Kabla hajainua kalamu, mzee anamzuia. Anauinua mkono wa kulia kutoka pajani, anauweka mkekani, na kwa vile vidole viwili, polepole, anaisukuma ya nne.

"Hii haikuwepo," anasema. "Hii umeileta wewe."

Jikoni, kuku hawaambiwi neno.

Ijumaa iliyofuata, Namalowe alizijumlisha korosho za watu wote arobaini na sita, akakubali ziara ziendelee mwaka mzima. Winfrida sasa anataka dodoso jipya liwe na ukurasa wa kwanza wa salamu tupu, usio na alama. Lukmani anataka msimu ujao ajifunge kifungo chake mwenyewe. Cha juu tu, vingine vitafuata.

Lakini asubuhi hiyo ya korosho nne, kabla ya kuondoka, Winfrida anapandisha mkoba kwenye baiskeli.

"Haya, Baba Ashiru. Hali lakini?"

"Nzuri, Mama Cyril. Nzuri sana."

Safari hii Winfrida analicheka jibu hilo, na haliandiki.