Baba alitangaza nitakuwa wakili baada ya miaka mitatu, kamati ikaundwa, na mimi nikashindwa kumwambia ni sita

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wenzangu mambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Huwa naandika diary tu, kwa sababu kuongea na watu kunanitoa jasho hata kwenye simu. Ila hili limenishinda kukaa nalo. Sijaongeza chumvi hata punje. Mtu wa chumvi ni Anko Mbwana, na mtamwona.

Niko high school mwaka wa mwisho, tunaishi Gaithersburg, Maryland. Nilitoka Tanga na wazazi nikiwa darasa la tano, ndiyo maana Kiswahili bado ninacho. Mdogo wangu ukimsemesha anakujibu "what?"

Kwanza niwaeleweshe walio nyumbani.

Kwetu ukimaliza form six unaingia chuo kusoma sheria moja kwa moja. Huku hakuna hiyo. Unasoma kwanza degree yoyote, hata ya muziki, miaka minne. Halafu ndiyo law school, mitatu. Jumla saba.

Sasa kuna vyuo vina njia ya kuharakisha, wanaiita three plus three. Degree ya kwanza unaisoma miaka mitatu, na ule mwaka wa nne unakuwa tayari uko law school, unahesabika pande zote mbili. Jumla sita. Unaokoa mwaka mmoja, ila alama zako ziwe juu, na ukifika katikati kuna mtihani wa kuingilia law school.

Mimi sheria naipenda kweli. Nasoma hukumu za kesi kama wenzangu wanavyoangalia series. Kusoma lakini, sio kuongea.

Nikamwonyesha Baba page ya chuo kimoja. Alikuwa ametoka kazini, foleni ya barabara ya I-270 imemchosha, miwani kaiacha kwenye gari, ikabidi nimsomee. Akasikia "three" na akasikia "law". Akasimama.

"Miaka mitatu! Kama kwetu tu!"

"Baba, ni three plus three."

"Hiyo three ya pili ni masters. Usiwe na wasiwasi, tutaisoma na hiyo."

Tutaisoma. Mimi na yeye.

Wakuu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Baba alikuwa keshapiga simu Tanga.

Ijumaa baada ya swala akatangaza pale watu wanapovaa viatu, kwamba baada ya miaka mitatu binti yake atasimama mahakamani Upper Marlboro. Sisi tunakaa Gaithersburg, Upper Marlboro ni wilaya ya wenzetu huko. Ila aliwahi kuitwa kule kwa ajili ya mwendo kasi, na ndiyo mahakama pekee anayoijua.

Wiki ileile nikaanza kupata wateja. Mzee mmoja alinipigia kwamba anachoma nyama kwenye deck yake, ile baraza ya mbao ya nyuma, na jirani analalamikia moshi, je sheria inasemaje? Nilikuwa na homework ya calculus. Nikamwambia "ngoja niulize", nikakata simu, nikajificha bafuni.

Nilijaribu tena kumwambia Baba. Nikaanza na Mama, maana Mama ni njia ya vumbi lakini inafika.

Mama akaniambia, "Mwanangu, baba yako ana haraka. Anasema anataka akuone na joho lako magoti yake yakiwa bado yanapanda ngazi. Sasa kamwambie mwenyewe."

Nani aende kusema baada ya hapo? Nikarudi kwenye diary yangu.

Nikatuma maombi, kisha chuo kikaandika: njoo kwenye interview, kwa video.

Mtanzania hawezi kufanya jambo bila kamati, mnajua. Harusi kamati, msiba kamati. Baba akaunda kamati ya interview.

Mwenyekiti Anko Mbwana, huyu ndiye mwenyekiti wa kila harusi kuanzia Gaithersburg mpaka Columbia Heights. Katibu Anti Njeri, jirani yetu Mkenya, nurse. Mjumbe Papa Didier, Mkongo, ambaye alisoma droit, yaani sheria, kwao Lubumbashi kabla maisha hayajamleta huku.

Kikao kikafanyika sebuleni kwetu. Anko Mbwana akafungua kwa dua, halafu akathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Hakukuwa na kikao kilichopita. Alithibitisha hivyohivyo.

Nikakalishwa kwenye kiti cha mbele, wakaanza kunihoji kwa mazoezi.

Mama: "Usiwakodolee macho watu wazima."

Anti Njeri: "Wee! Huku ukiangalia chini wanadhani umeiba kitu. Waangalie kwa macho, my dear, na ujisell."

Papa Didier: "Uko nasema pole pole sana, mwana. Juge atalala."

Baba yeye alitaka nianze kwa kuwapa salamu za familia, mmoja mmoja, hadi bibi wa Pongwe.

Swali kubwa lilikuwa: kwa nini unataka njia ya haraka? Wakajadili mpaka chai ikapoa. Jibu likapitishwa kwa kunyoosha mikono: "Nataka kuokoa muda ili niitumikie jamii mapema." Mimi sikunyoosha, ila hakuna aliyeangalia upande wangu.

Siku yenyewe ikafika. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Kamati ikaja nzima, na chapati.

Townhouse yetu jiko na sebule ni chumba kimoja. Wakakaa nyuma ya laptop, yaani mimi nawaona, kamera haiwaoni. Wakaapa kunyamaza.

Akatokea profesa, mama wa makamo mwenye uso mpole. Nikamwangalia machoni kama alivyosema Anti Njeri. Nyuma yake, yaani nyuma ya laptop, Anko Mbwana alikuwa ananyanyua mikono kama anaongoza kwaya: pandisha sauti, pandisha. Papa Didier anazungusha kidole: haraka. Mama anaonyesha chini: shusha macho.

Macho yangu yakawa yanapanda na kushuka.

Profesa akakatiza swali lake katikati. "Kuna mtu mwingine hapo chumbani?"

Sijui kudanganya. Nikasema, "Ndiyo. Kuna kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya mimi."

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema kwa upole, "Sawa. Nikuulize wewe, sio kamati. Kwenye njia yetu, hata ukienda mbio, ni miaka sita..."

"SITA?!"

Hiyo sauti haikuwa yangu, wakuu. Ilikuwa ya Baba.

Chapati ya Anko Mbwana ilibaki hewani. Baba ananiangalia, mimi naangalia keyboard.

Profesa akauliza, "Hiyo ndiyo kamati?"

"Huyo ni Baba. Alijua ni mitatu. Sikuweza kumwambia."

Akaendelea kama vile hakuna lililotokea. "Ukichukua njia hii unaukosa mwaka wa nne wa chuo. Ungekuwa nao, ungeufanyia nini?"

Jibu la kamati lilikuwa hapo kwenye ulimi. Kuokoa muda, kuitumikia jamii. Halikutoka.

Nikasema, "Mimi sina haraka. Mwenye haraka ni Baba yangu, na ana sababu nzuri. Sheria naitaka. Ila mwaka huo ningependa kusoma historia, na kujifunza kuongea na watu, maana wakili anayejificha bafuni hamfai mtu."

Baba akainuka. Nikajua nimekwisha. Akainama mbele ya kamera na overall yake ya kazini. "Excuse me, madam. The committee is going outside."

Akawatoa wote kwenye deck. Mwezi wa kwanza, wakuu, nje barafu. Mlango wa kioo ukafungwa, na chapati zikaenda nao.

Niliongea na yule mama peke yangu. Sijawahi kuongea na mtu mzima muda mrefu namna ile. Nyuma ya kioo namwona Anko Mbwana anarukaruka kwa baridi, Anti Njeri anamfunga skafu.

Nilipomaliza nikamfungulia Baba. Wengine wakapita mbio kwenye heater, yeye akabaki mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshatangaza, Baba."

Akafikiri. "Watu waliotangaziwa wanaweza kutangaziwa tena."

Na Ijumaa akafanya hivyo, palepale kwenye viatu. "Ni sita. Huenda saba. Ataamua mwenyewe, na msimsukume." Kuna mtu akamuuliza, na magoti je? Akajibu, "Nitapanda lifti."

Chuo kimenipokea. Mlango wa three plus three uko wazi mpaka mwaka wa pili, huko ndipo nitakaposema naingia au naendelea taratibu. Mpaka leo sijui.

Nilichojifunza: aibu yangu haikumlinda Baba na chochote. Ilimfanya tu asikie habari ya mtoto wake kutoka kwa mgeni, mbele ya watu, mkononi ana kikombe cha chai.

Sasa nawauliza mliopita njia hizi, sheria au hata udaktari. Mliookoa mwaka, mliupeleka wapi? Na mlioenda taratibu, mnaujutia? Jibuni kwa uwazi lakini kwa adabu, Baba ameomba link na safari hii amevaa miwani.