Soksi ya Papa Iliyobaki Moja

Ilikuwa moja tu. Papa, baba yangu, aliichambua kwenye rundo la nguo za balo, yaani mitumba, sokoni, akaileta nyumbani ameishika juu kama samaki: soksi nzito ya sufu ya kijani, ndefu hadi gotini, na ukingo mpana wa kukunjwa uliofumwa mapambo ya pembe nne kwa uzi mweupe. Chini ya ukingo kulikuwa na mkanda wa mpira, na kwenye mkanda huo zilining'inia ndimi mbili za kitambaa chekundu.

Papa hupiga ngoma kubwa katika fanfari, bendi ya parokia yetu. Kiongozi wao alikuwa amewaonyesha kwenye simu video ya wanaume wa Uskoti wakipiga ngoma, wamevaa sketi za mikunjo na soksi za namna hiyo. Wakakubaliana kwamba kwenye sikukuu ya parokia mpiga ngoma kubwa atangulie mbele akiwa amevaa vilevile. Sketi ilishonwa kwa kitambaa cha mirabaraba. Kilichokosekana ni soksi ya pili.

Mama hufuma kofia na soksi za watoto wachanga. Hapa Kisangani mtoto hatoki maternité, hospitali ya uzazi, bila kofia ya sufu, hata kama jua linachoma. Nimebishana naye sana juu ya hilo, nikimweleza habari za joto la mwili, naye hunijibu kwamba mimi pia nilivalishwa na sikufa. Kitu kirefu kama ile soksi hakuwahi kufuma. Aliilaza pajani, akahesabu vitanzi kwa ncha ya sindano, akaanza. Kazi ilimchukua wiki tatu. Kisigino alikifumua chote mara mbili. Ndimi nyekundu alizikata kwenye pindo la kitenge chake cha Jumapili.

Siku nne kabla ya sikukuu Papa alijaribu vazi lote uani. Mama alipiga magoti mbele yake, akalinganisha kingo mbili, akavuta ndimi zitokeze upande wa nje wa mguu.

"Eh, papa ya batoto! Leo uko na miguu ya mufalme."

"Wacha kucheka, mama. Vuta ya kushoto, inashuka."

Mimi sikucheka. Maandamano yangepita mbele ya kibanda cha chai karibu na chuo, mahali ninapokaa na wenzangu kila siku tukibishana. Pale nasifika kwa kumuuliza kila mtu chanzo cha habari yake, "Umetoa wapi hiyo?" Nilianza kusikia kicheko chao kabla hawajacheka.

"Papa," nikasema, "ile nguo iko ya wanawake. Minasoma kwenye internet. Yule mutu wa video iko mchekeshaji tu, watu banamucheka."

Sikuwa nimesoma chochote. Mimi ninayemhoji hata padri nilibuni habari na kuitia muhuri wa chuo kikuu.

Papa alinitazama kidogo. "Wewe mwenyewe umesoma?"

"Ndiyo, papa."

"Bon."

Akaketi kwenye kiti, akavua soksi moja baada ya nyingine, akazikunja pamoja.

"Donc minafuma nguo ya wanawake wiki tatu," Mama alisema, bado amepiga magoti.

Kesho yake asubuhi nilimkuta akiifumua ile aliyoifuma yeye. Sufu haitupwi. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, na baada ya siku mbili ukawa kofia ya mtoto mchanga, ikachukuliwa na wazazi wa mtoto.

Siku ya sikukuu Papa alipita mbele ya kibanda cha chai amevaa suruali nyeusi. Mwenzangu mmoja aliinua kikombe chake cha chai. "Ule muzee anajua kupiga!" Hakuna aliyeangalia miguu. Nami sikusema kwamba ni baba yangu. Kumkana hakukuhitaji sketi wala soksi.

Nilikaa na jambo hilo miezi mingi. Mwezi uliopita nilikuwa namsaidia Papa kukaza ngozi ya ngoma, nikamwambia kila kitu. Hakuacha kuvuta kamba.

"Minajua," alisema. "Kwenye video bale watu balikuwa wengi, wote wamevaa vile. Na ule wa ngoma kubwa alikuwa analia. Balikuwa banaenda kuzika mutu. Mutu anachekesha kwenye maziko?"

"Sasa juu ya nini ulivua?"

"Sura yako. Ulikuwa na haya mingi." Akafunga fundo. "Mimi, haina neno. Lakini mama yako aliamini. Enda umuambie."

Nilimkuta Mama mlangoni, sindano mikononi. Nilieleza nimesimama, kisha nikachuchumaa. Alimaliza mstari wote wa vitanzi kabla ya kunijibu.

"Na ile sufu iko kwenye kichwa ya mutoto ya watu. Sasa niende nimuvue?"

Nikasema nitatafuta uzi mwingine wa kijani sokoni.

"Tafuta," alisema, akageuza sindano na kuanza mstari mwingine.

Nimezunguka soko mara tatu. Kijani kipo, lakini si kile. Soksi moja bado iko ndani ya sanduku la ngoma, na mkanda wake, na ndimi zake mbili. Kila ninapomwonyesha Mama uzi niliopata, anausogeza kwenye mwanga, anautazama, kisha ananirudishia.