Glasi Mbili Kabla ya Kupiga

Glasi ile ningeweza kuikataa. Ilikuwa Ijumaa alasiri, nimesimama kwenye malisho ya ng'ombe juu kidogo ya Itsandra, fimbo ya gofu mkononi, mpira mdogo mweupe miguuni, na Mzungu ambaye wiki nzima alikuwa akinipa amri ofisini akaninyooshea wiski, akaniambia ninywe, nitulie, halafu nipige. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nina akili zangu, nimemaliza sekondari. Marehemu baba yangu hakuruhusu hata chupa tupu ya bia itiwe mafuta ya taa nyumbani kwake Mutsamudu. Nikaipokea. Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba enzi za mamluki mtu hakuwa na hiari. Kwa mambo mengine ni kweli. Kwa glasi ile si kweli. Wapo watu waliowakatalia mamluki mambo mazito zaidi ya hilo na wakalala majumbani mwao salama.

Mamluki waliingia visiwani kwetu mwaka 1978 wakiwa askari wa kukodiwa. Miaka michache baadaye walikuwa wamekuwa watu wa mjini. Wana magari, wana mashamba, wengine wana wake, na wote wana saa nyingi zisizo na kazi. Mmoja wao, tuliyemwita Kapteni bila kujua kama jeshi lolote duniani liliwahi kumpa cheo hicho, alikuwa akija ofisini kwetu Moroni kutia saini karatasi za mizigo. Mimi nilikuwa karani hapo. Sekondari nilisoma Unguja, nikarudi na Kiingereza, na Kapteni alikuwa na mgeni kutoka Afrika Kusini asiyejua Kifaransa. Walitaka kucheza gofu wakielewana. Ndivyo nilivyoitwa.

Uwanja wenyewe sijui niueleze vipi bila kucheka. Ulikuwa na mashimo sita, maana la saba lingeangukia kwenye mwamba mweusi wa volkeno. Kila shimo lilikuwa mkebe wa maziwa ya unga uliofukiwa ardhini. Kandokando ya mkebe walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari, upepo usije ukaupeperusha, na hapo juu ya oili ndipo walipokuwa wakitembea kwa kunyata kana kwamba wameingia msikitini, wanaume walewale waliozoea kufungua mlango wa ofisi yetu kwa teke. Ng'ombe akinya karibu na mkebe, mchezo ulisimama ili wajadili sheria inasemaje. Nimewahi kuketi na makadhi wakigawa mirathi. Hawakuwa na uzito ule.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Kapteni alisema kwa Kifaransa kwamba mgeni anapiga kama mchinjaji. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anamsifu kwa nguvu za mikono. Mgeni akajibu kwamba Kapteni anadanganya idadi ya mapigo yake; nikasema anausifu uwanja. Wakapeana mikono. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile, mimi niliyekuwa nikiwapelekea watu wawili wapuuzi maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Kisha wakanipa fimbo, nafikiri kwa ajili ya kupata kitu cha kuwachekesha. Fimbo ikapita juu ya mpira, nikajizungusha nusura nianguke, nao wakapata walichokitaka.

"Unaishika kama umeshika nyoka," Kapteni alisema. "Mwili wako una hofu. Kunywa, mabega yashuke, ndipo upige."

Nikanywa. Nikapiga. Mpira ukaruka, ukanyooka juu ya malisho, ukaenda kutua mbali kuliko wa mgeni. Laiti ungepotelea vichakani. Lakini uliruka, na wale wawili wakapiga makofi, na mimi nikaamini kwamba wiski ndiyo iliyoupeleka.

Kapteni alikuwa na elimu yake juu ya jambo hilo, akaifundisha kwa sauti ya daktari. Glasi ya kwanza hushusha mabega. Ya pili hunyamazisha kichwa. Ya tatu ni ujinga. Asiyetulia hawezi gofu, alisema, na mwili wa binadamu hautulii wenyewe. Yeye binafsi alikuwa akiifikia ya sita kabla hatujafika shimo la nne, na fimbo yake ilichimbua udongo mwingi kuliko jembe la mkulima. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili kila Ijumaa, na bado nilimsikiliza. Tena niliifuata elimu yake kuliko alivyoifuata yeye: mbili tu, kila wiki, kabla ya pigo la kwanza. Nikaanza kujiona bora kuliko yeye kwa sababu ya kuhesabu. Mlevi anayehesabu ni mtu wa kudharauliwa mara mbili, kwa kuwa akili anayo.

Jioni nilirudi Moroni natafuna karafuu, shingoni nimejipaka mafuta ya mlangilangi. Hakuna mwanamume mzima anayenukia namna ile bila sababu. Majirani walinipisha njia huku wamegeuza nyuso, nami nikadhani wananiheshimu kwa sababu ya gari lililonishusha.

Hapa lazima nimtaje dada yangu. Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya Ijumaa ile ya kwanza. Kitandani kwake alituita mimi na mdogo wangu wa kiume, akasema machache kuhusu nyumba na machache kuhusu mama, na mengi kuhusu dada yetu, kitindamimba wake, ambaye alikuwa bado hajaolewa.

"Wewe ndiye utakayemwoza," aliniambia. "Usimwachie mtu mwingine."

Kwa sheria yetu, baba na babu wakiwa hawapo, ndugu wa kiume ndiye walii wa bibi harusi. Yeye ndiye anayeushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno ya kuoza, na bila walii hakuna ndoa. Kwa hiyo hii ilikuwa amana ya baba kwangu, na ndiyo pekee aliyoniachia. Mali hakuwa nayo.

Mdogo wangu ni seremala. Alikuja Moroni kunieleza kwamba dada amechumbiwa na kijana mwenye kazi kwenye uwanja wa ndege wa Ouani, jirani na kwetu Mutsamudu, na kwamba watu wake wanataka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani. Alinikuta mlangoni nikitoka Itsandra.

"Kaka, unanukia kama bibi harusi," alisema.

Nilimwambia nimetoka kazini.

"Kazi gani hiyo inayotaka karafuu?"

Nikamkaribisha, nikamwekea chai, nikazungumza habari za posa. Alisubiri nimalize. Kisha akanieleza taratibu kwamba pale bandarini Mutsamudu wasafiri kutoka Moroni wanashuka na habari zangu pamoja na mizigo yao. Kwamba mama ameacha kupita njia ya bandarini. Kwamba yeye hataki kujua lipi ni kweli.

"Sikuambii uache maisha yako," alisema. "Nakuomba uache mpaka ndoa ipite. Baada ya hapo ni wewe na Mola wako."

Nilimjibu kwamba yeye anajua mbao, na mambo ya watu awaachie waliotembea. Nilimwambia hivyo ndani ya nyumba yangu, akinywa chai yangu, mtu aliyevuka bahari kuja kunikinga na aibu. Aliinamisha kichwa, akamaliza chai, akaniuliza kama ningependa apeleke kanzu ya baba kwa fundi ikatengenezwe mabega, niivae siku ya ndoa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda malishoni kama kawaida. Nikafanya na jingine la ziada: nikawaalika Kapteni na mgeni wake harusini. Sababu ni ndogo na ya kitoto. Nilitaka Mutsamudu inione nikishuka kwenye ndege na Wazungu wawili.

Tulishuka Ouani siku moja kabla ya ndoa. Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa hapohapo Ouani. Mchana Kapteni akataka kuona milimani, tukapanda hadi Patsy. Alisimama kando ya barabara akaitazama mikarafuu ya watu iliyoshuka mlimani, akasema ikikatwa yote patapatikana mashimo tisa mazuri. Nikamtafsiria mgeni bila kuona haya. Mwenye shamba mmoja aliyekuwa amesimama pale akaniuliza Mzungu anasema nini. Nikamwambia anasifu karafuu.

Siku ya ndoa niliamka na hofu. Maneno ya kuoza ni sentensi fupi, nimeisikia tangu utotoni, lakini kila nilipoijaribu mikono ilianza kutetemeka. Ilikuwa hofu ileile ya malishoni, ya watu kukutazama mgongoni. Mwanamume mwingine angeswali rakaa mbili. Mimi nilikwenda Ouani kuwachukua wageni wangu, nimevaa kanzu ya baba na joho, na Kapteni alipoiona mikono yangu hakuhitaji kuelezwa.

"Mbili, si zaidi," alisema, akamimina.

Nilizinywa nimesimama, nisije nikaikunja kanzu. Na ukweli niuseme, kwa kuwa ndio unaonichukiza zaidi: mikono ilitulia.

Nyumbani kwa mama wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka hadi uani. Wageni wangu walitafutiwa viti viwili karibu na mlango, wakakaa juu kuliko vichwa vya watu wote. Mimi nikaketi mbele, goti kwa goti na bwana harusi, kijana mpole mwenye jasho usoni, nikaushika mkono wake. Pembeni yetu aliketi sheikh aliyenifundisha Kurani nilipokuwa mdogo. Desturi ni sheikh kuinama na kumtamkia walii maneno sikioni, naye ayarudie kwa sauti. Aliinama. Halafu akanusa.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "asubuhi umekula nini?"

"Chai, sheikh."

"Chai."

Aliendelea kuinama. Watu nyuma walidhani anasoma dua.

"Inuka," akasema, bado kwa sauti ya chini. "Nenda ukaoge, ukatubu, upumzike. Nitawaambia mimi tumbo linaniuma, tufunge baada ya alasiri. Hakuna atakayejua."

Mzee yule, ambaye hakuwahi kusema uongo mbele ya mji ule, alikuwa tayari kuusema kwa ajili yangu. Nilichotakiwa ni kusimama tu. Nikainua macho, nikamwona Kapteni mlangoni ameniinulia kidole gumba, kama alivyofanya kila nilipojiandaa kupiga. Nikaona haya kuondoka mbele yake. Nikaona haya mbele ya mtu asiyeelewa hata neno moja la yaliyokuwa yakisemwa.

"Niko sawa, sheikh," nilisema. "Nimetulia kabisa."

Sheikh akautoa mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wangu. Akamtafuta mdogo wangu kwa macho.

"Njoo ukae hapa."

"Kaka yupo," mdogo wangu alisema.

"Kaka yako leo hana uwalii. Njoo."

Hilo alilisema kwa sauti ya kawaida, na chumba kizima kikalisikia, na nyuma ya pazia wanawake wakalisikia, mama na dada wakiwamo. Nilisogea. Mdogo wangu akapita bila kunitazama, akaketi nilipokuwa nimeketi. Hakuwa amejiandaa. Sauti yake ilikatika katikati ya sentensi, akaanza upya, na mkono uliomshika shemeji yetu ulikuwa ukitetemeka waziwazi hadi mkono wa kanzu ukacheza. Hakuna aliyejali. Alipomaliza, watu wakaitikia, wakamwombea.

Chakula kilipopakuliwa, dada yangu alinitumia sahani yangu peke yangu, imefunikwa kitambaa, kama anavyopelekewa mgeni. Sikuila. Tukirudi Ouani garini, Kapteni akaniuliza mbona nimebadilishwa. Nikamwambia ni mila yetu, kaka hukaa kwanza, kisha humpisha mdogo. Akasema ni mila nzuri, akamwambia mgeni wake, na nilisaidia kutafsiri.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa malishoni tena. Niliendelea mpaka mamluki walipoondoka na ng'ombe wakarudishiwa nafasi yao. Pombe niliiacha baadaye, polepole, bila wa kunisifu, na sitaki sifa. Sheikh alikuwa amefariki, kwa hiyo sikupata wa kumwambia kwamba nimetubu.

Nina mabinti wawili. Wa kwanza alipochumbiwa nilikuwa sijaonja pombe kwa miaka mingi, na kisheria hakuna kilichonizuia. Watu wa bwana harusi walikuja kunisalimu, wakanywa kahawa, kisha mkubwa wao akaomba, kwa adabu kubwa, kwamba baba mdogo ndiye aoze, ili pasije pakawa na maneno juu ya ndoa ya watoto wetu. Nikakubali, nikampa mdogo wangu uwakala. Wa pili alipochumbiwa sikusubiri kuombwa.

Gharama ya kuipokea glasi ile ni hii: baba aliniachia amana moja nikaivunja, na mimi, kaka wa dada mmoja na baba wa mabinti wawili, sikumwoza hata mmoja.